Kitani, Siyo Katani

Jina la Kaza wifi yangu hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wateja, mimi nikalieneza, kwa sababu wifi akiacha utani anabaki kuwa jirani tu. Ukikaa kwenye kiti chake ulikuwa unalisema mwenyewe: "Kaza." Ukishalisema, umekwisha. Vidole vyake vilikuwa vinashika hata unywele ambao bado haujaamua kuota, na ukinyanyuka pale nyusi zimepanda juu, uso mzima una mshangao wa mtu aliyesikia habari mbaya. Usiku wa kwanza huwezi kulalia ubavu. Kesho yake unatafuta dawa ya kichwa. Lakini mistari ya Kaza ilikuwa haifumuki. Mteja alioga, alisafiri, aligombana na mumewe, akapatana naye, na mistari ikawa palepale.

Tunafanya kazi chumba kimoja, yeye na mimi. Upande wa dirisha ni wangu: cherehani, meza ya kukatia, na vipande vya nguo ambavyo kila siku naapa nitavipanga. Upande wa mlango ni wake: kiti kirefu, benchi la wanaosubiri, kioo chenye ufa kwenye kona, na mafungu ya nywele bandia yaliyotundikwa kwenye misumari. Katikati yetu ipo feni ya kusimama ambayo tumeigombania tangu tuhamie. Nikiigeuzia kwangu, wateja wake wanajipepea kwa magazeti kwa hasira. Akiigeuzia kwake, karatasi zangu za vipimo zinaruka hadi barabarani.

Kaka yangu, mume wake, ni fundi makochi, na banda lake liko nyuma ya jengo hilohilo. Mchana kutwa tunasikia nyundo yake. Ni mtu wa maneno machache. Nadhani tulipokuwa tunagawiwa maneno, mimi nilichukua fungu langu na lake, na mpaka leo hajalalamika.

Sasa kuhusu kilemba. Kaza alianza kukivaa siku za vumbi, halafu siku za mvua, halafu siku zote. Mimi nikajua ni madaha tu. Nilimwambia siku moja, "Wifi, kilemba hicho kinakaribia kukomaa, tutakichuma lini?" Akacheka, akakisogeza mbele kidogo, karibu na nyusi.

Siku niliyojua ukweli alikuwa amesimama mbele yangu, anajaribu gauni alilonishonesha. Aliinama kuokota pini iliyoanguka, ncha ya kilemba ikanasa kwenye feni, na kabla hajawahi kukishika kikafunguka chote. Juu ya masikio, kwenye panja zote mbili, hapakuwa na nywele. Ngozi tupu, laini, inang'aa, kutoka sikioni mpaka karibu na katikati ya kipaji cha uso. Nywele zilianza mbali huko nyuma, kana kwamba zilisukumwa.

Mimi ninayejulikana kwa kuwa na neno kwa kila jambo, nikazima feni.

"Usimwambie mtu," akasema, huku anajifunga upya. "Hata kaka yako."

"Kaka hajui? Mume wako?"

"Nalala nacho."

Akakaa kwenye kiti chake mwenyewe, kiti cha wateja, nikaona jinsi alivyo mdogo akikaa hapo. Akanieleza. Kichwa chake ndicho kilichokuwa kibao cha biashara. Mteja akiingia, kitu cha kwanza anachotazama ni mistari ya msusi mwenyewe. Kwa hiyo alijisuka kila mara, na ikilegea kidogo tu anarudia, kwa nguvu zaidi. Nesi wa zahanati alimwambia aache kuvuta. Palipovutwa muda mrefu, alisema, pengine patarudi na pengine hapatarudi.

"Msusi mwenye upara, wifi. Nani atampa kichwa chake? Siku wakiona hiki, nimemwaga unga. Na kazi nyingine siijui."

Nilitaka kumtania, ili tu tupumue. Nikashindwa. Nilimhurumia sana, na nikaona uchungu kwamba nimekaa naye chumba kimoja muda wote huo nikitazama kitambaa.

Habari ya mbegu ililetwa na mkunga. Huyu ni mteja wa mara chache, mwenye nywele nyingi za kijivu anazozifunga mafundo makubwa, na ni mmoja tu aliyekuwa anathubutu kumwambia Kaza, "Taratibu, hicho ni kichwa." Siku hiyo mtu kwenye benchi alimuuliza anapaka nini. "Mbegu za kitani," akasema. "Nazichemsha, nachuja, ule ute wake napaka. Nywele zinakaa bila kuvutwa, hazikauki, hazikatiki." Kaza alikuwa anasuka mtu mwingine, akajifanya hasikii. Lakini mimi namjua. Vidole vilipunguza mwendo.

Hapo ndipo fujo ilipoanza, na yote ilisababishwa na neno moja.

Mkunga alipoondoka, Kaza aliniinamia mezani, akanong'ona, "Wifi, kitani utanipatia?" Mimi ni fundi cherehani. Ukinitajia kitani, hata kama mbegu zimetajwa sasa hivi, naona nguo: ile nzuri, nyepesi, inayokunjamana ukiitazama vibaya. Nikajua amechoka na kilemba cha nailoni kinachomtoa jasho. Nilikuwa na kipande kizuri kilichobaki kwenye suruali za mteja, rangi ya maziwa. Nikakipinda kingo zote nne, kikawa kilemba, nikampa kesho yake kwa fahari. Akakipokea, akakigeuza, akakitazama ndani kana kwamba mbegu nimezishonea kwenye pindo.

"Asante, wifi," akasema kwa unyonge, na hakuwa na moyo wa kunieleza.

Basi akaenda kwa mumewe. Hakumwambia ni za nini hasa. Alisimama mlangoni mwa banda, kaka anapiga nyundo, misumari mdomoni, akamwambia, "Ukipita sokoni nitafutie mbegu za kitani, za nywele." Kaka akatikisa kichwa kukubali. Sasa fundi makochi anajua nini? Anajua katani. Ndiyo anayoshindilia kwenye viti vya zamani, nyuzi ngumu za manjano, magunia kwa magunia. Katika kelele zile alishika maneno mawili tu: katani, na nywele. Akayaunganisha mwenyewe.

Alikuja jioni tulipokuwa tunafagia. Mkononi ana kitu alichokizungushia kipande cha kitambaa cha kochi. Akakiweka kwenye kiti cha wateja, akarudi nyuma mlangoni kama mtu aliyewasha fataki.

Kaza akafungua. Zilikuwa nywele. Kaka alikuwa amechukua katani, akaichambua uzi mmojammoja, akaichana kwa kitana mpaka ikalainika kadiri katani inavyoweza kulainika, akaichovya kwenye rangi nyeusi ya nguo, akaisuka mistari miwili midogo na kuishona kwenye mpira wa kiunoni. Mistari ile ilikuwa imepinda kufuata umbo la panja, kulia na kushoto. Ungeivaa, ukaweka kilemba nyuma kidogo, mtu angeona mbele kuna nywele.

"Ulisema katani ya nywele," kaka akasema. "Nimejaribu. Inawasha kidogo."

Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo kucheka. Kisha nikamwona Kaza. Alikuwa ameishika mistari ile karibu na kichwa chake, anailinganisha, na akaona kwamba vipimo ni sawasawa.

"Ulijua," akasema.

"Tunalala kitanda kimoja," kaka akajibu. "Nisijue?"

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa hutaki nijue."

Nikaenda kuangalia kama dirisha limefungwa. Lilikuwa limefungwa. Nikaendelea kuliangalia.

Kaza aliponyamaza kulia, ndipo tukaelezana. Kitani, siyo katani. Mbegu, siyo nguo. Kaka akarudia polepole, "Kitani. Kitana. Kitanda. Katani," akatikisa kichwa, akasema lugha hii ilitengenezwa na mtu asiyetaka tuelewane. Ni sentensi ndefu kuliko zote nilizosikia kwake mwaka huo.

Mbegu zenyewe tulizipata kwa muuza viungo, tena alikuwa nazo siku zote, nyuma ya pilipili manga. Ni ndogo, bapa, za kahawia, zinateleza mkononi na kung'aa kama ufuta uliopakwa mafuta. Nilizitazama nikasema, "Hizi ndizo zitaotesha nywele? Hata zenyewe zina upara." Kaza akanipiga kofi la mgongo, na nikafurahi, maana utani ulikuwa umerudi nyumbani.

Mara ya kwanza alizisahau jikoni, maji yakakauka, ikawa gundi. Mwiko ulisimama wenyewe. Mara ya pili alizichemsha vizuri lakini akaziacha zipoe ndipo achuje, na ute ukakataa kuachana na mbegu. Akaenda kutafuta chujio kwa jirani. Kaka akarudi na njaa zake, akaona sufuria mezani, akajitilia kwenye kikombe. Tulimkuta anakunywa kwa uvumilivu.

"Uji huu hauna sukari," akasema. "Lakini sikulaumu, una mambo mengi."

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Naye akamaliza kikombe.

Mara ya tatu alipatia. Maji yakichemka na mbegu zikaanza kuelea huku povu jeupe linapanda, unaepua. Unachuja palepale ikiwa ya moto. Chujio la chai liliziba. Ndipo alipokivua kilemba changu cha kitani, kile cha rangi ya maziwa, akamimina humo, akakamua kwa vidole vyake vya chuma. Ute ukashuka kwenye bakuli, mwepesi na mzito kwa pamoja, kama wa bamia. Nikamwambia sasa nimeona kwa nini Mungu alimpa vidole vile. Mshono wangu haukuachia hata kidogo, nalisema hilo kwa sababu hakuna mwingine atakayelisema.

Akaanza kupaka. Alifumua kichwa chote, akazilainisha nywele kwa ute, akazifunga mafundo mawili malegevu chini ya kilemba. Kila asubuhi alifika kazini mapema, akasimama mbele ya kioo chenye ufa, akajikagua kama askari wa gwaride. Hakuna kitu. Nywele za nyuma zikawa laini, hilo tuliliona. Zikaacha kukatika kwenye kitana. Lakini panja zilibaki vilevile. Siku nyingine alizisema zile mbegu kwa sauti, akaziita matapeli. Mimi nikamwambia ajikaze kisabuni. Akanitazama. "Kukaza ndiko kulikonifikisha hapa, wifi."

Na huku, hebu fikiria, aliendelea kuwakaza wengine. Kiti kilekile, "Kaza," wanasema, naye anakaza. Nilimuuliza mara moja tu. Alisema hicho ndicho wanachokuja kutafuta, na akiwanyima wataenda pengine. Hakuwa mkatili. Aliogopa.

Aliyemshika pabaya ni binti yake. Mtoto huyu ametoka chekechea juzijuzi, na akitoka shule hukaa chini ya meza yangu kuokota vipande vya nguo. Ile mistari ya katani alikuwa ameshairithi, ameishona kwenye kichwa cha mwanasesere wake. Siku hiyo alichukua kipande chekundu, akamfunga mwanasesere kilemba, akakishusha mbele mpaka kwenye nyusi. Akanivuta sketi.

"Shangazi, na mimi nitaanza kuvaa kilemba lini?"

"Cha nini?"

"Cha kuficha hapa." Akashika panja yake. "Mama alisema nikivumilia kusukwa nitakuwa kama yeye."

Mashine yangu ilisimama. Upande wa pili wa chumba mikono ya Kaza nayo ilisimama. Bahati nzuri hakukuwa na mteja. Akaja, akapiga magoti, akamgeuza mtoto kwenye mwanga wa dirisha. Mistari ya binti ilikuwa ya siku mbili, mizuri, imenyooka. Chini yake, kwenye ukingo, kulikuwa na vipele vidogo vyeupe, na palipokuwa na vinywele vya utoto paliachwa wazi.

"Panauma?"

"Kidogo tu. Navumilia."

Kaza alichukua kitana. Alikaa chini sakafuni, katikati ya vipande vyangu, akamweka mtoto baina ya magoti yake, akafumua. Alifumua mstari baada ya mstari kwa ncha ya kitana, taratibu, kwa upole ambao sijawahi kuuona kwake. Akaziosha nywele, akapaka ute, akamsuka mabutu mawili makubwa, malegevu, yanayocheza mtoto akigeuka. Binti akatikisa kichwa kulia na kushoto.

"Mama, umesahau kukaza."

"Sijasahau," akasema.

Kesho yake ilikuwa siku ya wateja wengi, na wa kwanza alikuwa Mama Viatu, mwenye duka la viatu mtaa wa juu. Huyo ndiye mteja mkubwa kuliko wote. Akikusifia, wanawake wa mtaa mzima wanakuja, na akikuponda, unafunga mlango. Akajitupa kitini. Benchi lilikuwa na watu wawili wanasubiri.

"Kaza, mwanangu, kaza kwelikweli. Nakwenda kwenye mahafali ya kijana wangu, picha zitakuwa nyingi."

Nikamwona wifi anashika kitana. Akakiweka chini.

"Leo sikazi, mama."

"Unaumwa vidole?"

"Siumwi. Sikazi tena. Nitakusuka vizuri, utapendeza, lakini sitavuta."

Mama Viatu akageuka mzima mzima. "Wewe jina lako ni Kaza. Usipokaza unaitwa nani? Mimi sina siku ya kupoteza, nitakwenda kwa yule wa barabara ya pili." Na akanyanyuka, akatia mkoba wake begani.

Mguu wangu ulikuwa kwenye pedali na sikuthubutu kuikanyaga. Nilijua anachokitafuta Kaza kwa mikono yake pale nyuma ya shingo. Lilikuwa fundo. Nilitaka kumwambia aache, atapoteza kila kitu kwa dakika moja. Alifungua, akavua kilemba, akakikunja, akakiweka karibu na kioo. Akasimama mbele ya wote na panja zake tupu.

"Kazi ya kukaza ni hii, mama. Nimejisuka kwa mikono hii hii unayoitaka."

Mmoja wa wale wa benchi akanyanyuka, akasema ameacha kitu jikoni, akatoka, na siku hiyo hakurudi. Mama Viatu alikuwa bado ana mkoba begani. Alimtazama Kaza, akatazama kioo, kisha mkono wake ukapanda wenyewe mpaka ukingoni mwa nywele zake, ukapapasa ngozi tupu mbele ya mistari ya zamani.

"Na mimi huku," akasema kwa sauti nyingine kabisa. "Nilijua ni uzee."

"Uzee hauanzii juu ya masikio," Kaza akamwambia.

Mama Viatu akakaa. "Hebu nipake hicho unachopaka. Lakini nikinuka kwenye mahafali, vile viatu ulivyonunua kwangu utavirudisha."

Siwezi kusema mambo yalikuwa mteremko. Wapo waliohamia barabara ya pili, na kuna siku tulikaa wawili tukigombania feni bila mteja wa kumpepea. Lakini Mama Viatu alirudi kutoka mahafali na picha, na kwenye picha alikuwa anacheka bila kushika kichwa. Kina mama wakaanza kuleta watoto. Mtoto anayesukwa bila kulia ni kitu ambacho majirani wanakiona haraka. Sufuria la mbegu likawa halikauki, na pale pembeni ya kioo sasa kimetundikwa kilemba changu cha kitani, kimechoka, kimepata rangi ya chai, kinachuja ute kila asubuhi. Wateja bado wanamwita Kaza. Wanaongeza tu, "lakini legeza."

Ama nywele zake. Ilikuwa mchana wa kawaida. Nilikuwa nampima kola, uso wangu karibu na sikio lake, jua linaingia dirishani, nikaona kitu juu ya ngozi. Nikapuliza. Kikalala, kikainuka tena. Vinywele, vyembamba, vifupi, upande wa kulia vingi, wa kushoto vichache. Sijui ni mbegu au ni kuacha kuvuta. Mimi si daktari, na yeye mwenyewe haapi. Nilichofanya ni kupiga ukelele hadi nyundo kule nyuma ikanyamaza.

Kaka akaja mbio, misumari bado mdomoni, akidhani nimejidunga sindano. Nikamwonyesha. Akatema misumari kiganjani, akafuta mkono kwenye suruali, mara mbili, akanyoosha kidole chake kimoja kilichojaa sugu. Akagusa panja ya mke wake kwa woga, kama anayegusa kitu cha mteja ambacho hakijakauka.

"Hii," akasema, "siyo katani."

"Siyo," akajibu Kaza, na hakuuondoa mkono wake. "Ki, mume wangu. Kitani."